Nyama mbichi juu ya unga mbichi

Hebu niambieni kama simu hii hamuijui. Unapewa simu, na skrini imejaa paji la uso la nyanya yako na kipande cha dari. Unasema shikamoo. Anasema marahaba, hujambo mamangu? Sijambo. Shule je? Nzuri. Huko baridi? Baridi sana. Haya, alhamdulillahi. Kisha kimya. Nyote wawili mnatabasamu, na wewe unatafuta kwa macho mtu wa kumrudishia simu.

Kwetu simu hiyo ilikuwa ya dakika mbili, kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi. Nyanya yuko Mombasa, Mji wa Kale. Mimi niko Jakobsberg. Katikati yetu alikuwa Mama, ambaye alikuwa kama daraja: nyanya anasema, Mama ananitafsiria, mimi nacheka kwa kuchelewa sekunde tatu. Watu wakisikia hivi husema shida ni msamiati, jifunze maneno. Nimejifunza. Nilikuwa na programu kwenye simu iliyonifundisha rangi zote na nusu ya mbuga ya wanyama. Lakini kumwambia nyanya “twiga ni mrefu” si mazungumzo, jamani. Nyanya ana miaka 81. Anajua kama twiga ni mrefu.

Tulichokosa mimi na yeye ni cha kusema. Na kilichotupatia cha kusema ni chakula cha Waturuki.

Najua mnachofikiria. Kwa nini isiwe chakula chetu? Ushauri tunaoupata wote ni huo: mpigie nyanya, muulize mapishi, lugha itakuja. Tumeusema hata sisi wenyewe kwenye kipindi. Na nimejaribu, manake napenda kula. Chapati, mahamri, pilau, vyote nimefundishwa kwa simu. Lakini angalia jinsi mazungumzo hayo yanavyokwenda. Yeye anajua, mimi sijui. Yeye anasema, mimi nasema ndio. “Tia maji kidogo.” Ndio. “Si hivyo, punguza.” Sawa. “Kanda tena.” Sawa, nyanya. Nusu saa nzima ya Kiswahili, na mimi nimetamka maneno mawili. Chapati zilitoka nzuri, lakini mdomo wangu ulibaki palepale.

Sasa njooni Jakobsberg. Kama hujawahi kufika, unapanda treni ya kuelekea Bålsta pale Stockholm City, unapita Sundbyberg, Spånga na Barkarby, halafu unashuka. Uko kwenye mji mkuu wa kommun ya Järfälla, kama unaweza kuuita mji mkuu. Kuna centrum, kuna Riddarplatsen, kuna upepo. Na kuna majengo ya ghorofa kama letu, ambayo Ijumaa jioni ukipanda ngazi pua inakuambia nani yuko nyumbani na anapika nini.

Ghorofa ya tatu anakaa Teyze. Teyze si jina lake. Kwa Kituruki ni dada wa mama, na ndivyo unavyomwita mwanamke yeyote wa rika la mama yako ukiwa na adabu. Familia yake inatoka Kulu, wilaya moja ya mkoa wa Konya, na hapo si yeye peke yake: sehemu kubwa sana ya Waturuki wa Sweden asili yao ni Kulu. Walianza kuja kufanya kazi viwandani miaka ya 1960, mmoja akamvuta mwenzake. Huko Kulu kuna hadi bustani yenye jina la Olof Palme. Teyze na Mama wana mkataba ambao haukuandikwa popote: sahani ya jirani hairudi tupu. Ramadhani inapanda na sambusa, inashuka na böreki. Inapanda na kaimati, inashuka na lahmacun.

Lahmacun. Hiyo c wanaisoma kama j yetu, kwa hiyo sema lahmajun. Wasweden wengine huiita pizza ya Kituruki, na Teyze akisikia hivyo anafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Haina jibini. Ni unga uliosukumwa mwembamba kama karatasi, umepakwa kima yenye viungo, umeingia kwenye moto mkali dakika chache. Jina lenyewe ni la Kiarabu, lahm bi-ajin, nyama kwa unga. Na kama mnafikiri ni sisi tu tunaogombana pilau ya Mombasa na ya Zanzibar ipi ni pilau, sikiliza: watu wa Antep wanatia kitunguu thomu, watu wa Urfa wanatia kitunguu maji, na kila upande unamwona mwenzake amepotea. Teyze si wa Antep wala wa Urfa. Kwao Konya wana kitu chao kirefu kama ubao kinachoitwa etli ekmek. Kwa hiyo yeye anatia vyote viwili na hamuogopi mtu.

Nilimwomba anifundishe, akanituma bucha kwanza. Bucha ya centrum, ile ya halali. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja akiagiza kwa Kituruki, na katikati ya maneno yote ambayo sikuyaelewa nikasikia neno moja waziwazi: kima. Nikageuka. Nilidhani kuna mtu wa kwetu dukani.

Kituruki chao wanaliandika kıyma, na maana yake ni ileile, nyama iliyosagwa. Si bahati tu. Ni neno moja. Lilitoka kwa Waturuki, kwenye kitenzi chao cha kukatakata, likaingia kwa Waajemi, likaenda Bara Hindi, na kutoka huko likavuka bahari likaja pwani yetu ndani ya sambusa. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nasema köttfärs dukani na kima nyumbani, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Zamu yangu ilipofika nikasema, nusu kilo ya kima, ya kondoo na ng'ombe, na ndiyo, nilisema kima, kwa sauti yetu. Yule mwuza nyama hata hakuinua macho. Akapima, akafunga, akaniambia bei. Alikuwa amenielewa, basi. Sijui kama mnanipata. Neno la nyumbani kwetu limefanya kazi ya kawaida, Jumamosi ya kawaida, Jakobsberg, bila kutafsiriwa na mtu. (Na ndiyo, kima ni mnyama pia, wa jamii ya tumbili. Nusu kilo ya tumbili. Mmecheka, tuendelee.)

Jumapili iliyofuata Mama alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Simu ikalia. Mikono yangu ilikuwa na unga hadi kiwiko, nikapokea kwa kidole kimoja, nikaiegemeza simu kwenye mkebe. Hakukuwa na mtu wa kumrudishia.

“Wapika nini?” Nyanya akauliza.

“Lahmacun, nyanya.”

“Laha nini?”

Siku nyingine ningesema “chakula cha Kituruki” na tungeishia hapo. Lakini yeye alikuwa tayari anauliza swali la pili. Chafanywaje? Na hapo nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mimi ndiye ninayejua na nyanya yangu ndiye asiyejua.

“Ni unga wa ngano, na hamira.”

“Mahamri hayo.”

“Hapana, si tamu. Ni kama chapati lakini ina hamira, na haikaangwi, inaingia kwenye oveni. Halafu juu yake naweka kima.”

“Kima umeshaipika?”

“Bado.”

“Utaipika saa ngapi?”

“Siipiki, nyanya. Itaiva pamoja na unga.”

Kimya, lakini si kile kimya cha zamani.

“Nyama mbichi,” akasema polepole, “juu ya unga mbichi.”

“Ndio.”

“Na huyo mwanamke aliyekufunza ana watoto?”

“Watatu.”

“Wazima?”

Wallahi nilicheka hadi Mama akageuka kitandani. Halafu ikabidi nijitetee. Na kujitetea, ndugu zangu, ni darasa tofauti kabisa na kusema ndio. Ikabidi niseme kwa sababu, na ingawa, na lakini sikiliza kwanza. Kwa sababu ni nyembamba sana, moto unaifikia mara moja. Kwa sababu mafuta ya nyama yanaingia kwenye unga. Ningeipika kwanza ingekauka, ingedondoka yote ukikunja. Mmeiona hiyo? -Nge- tatu, mahali pake, zimetoka zenyewe, bila jedwali, manake nilikuwa nabishana na sikuwa na muda wa kuogopa.

Maneno niliyoyakosa nikayaeleza kwa mikono. Nikasema, “sasa naufanya unga uwe mwembamba, hivi.” Akasema, “Unausukuma.” Nikasema, natoa maji kwenye kitunguu kwa kukibana. “Unakikamua.” Naieneza nyama hadi ukingoni. “Unaitandaza.” Vitenzi vitatu, kila kimoja kimekuja wakati mikono yangu iko ndani yake. Twiga na pundamilia sijui wamekwenda wapi. Hivi vitatu vipo.

Persilja ilitushinda. Nikasema ni majani kama kotmiri lakini harufu yake si ya kotmiri. Akauliza, sasa kama si kotmiri, waitia ya nini? Sina jibu mpaka leo. Nikasema natia nyanya mbili. Akasema, nyanya ni mimi, hizo ni tungule. Akataka kujua huyo Teyze ni nani hasa, nikamweleza kwamba ni kama mama mdogo, na kwamba Waturuki wana neno lingine kabisa kwa dada wa baba, kama sisi tulivyo na shangazi. “Watu wenye akili,” akasema. Nikamwambia Wasweden nao wanatenganisha, moster na faster. Hilo lilimshangaza kuliko nyama mbichi.

Simu ilikuwa ya dakika 47.

Basi nanyi mpike, manake mmeshaniuliza. Hivi ndivyo nilivyofundishwa na Teyze, na inatosha lahmacun 10.

Unga: ngano gramu 500, maji ya vuguvugu desilita 3, kijiko kidogo cha chai cha hamira kavu, kijiko cha chai cha chumvi, sukari ya kubana kwa vidole, mafuta vijiko viwili vya chakula. Kanda dakika 10 hadi uwe laini na usiong'ang'anie mikono. Funika, uache saa moja uumuke. Gawanya madonge 10, yafunike tena dakika 15. Usiruke hiyo robo saa, donge lisilopumzika linajirudi kila ukilisukuma.

Nyama: kima gramu 400, na iwe na mafuta kidogo, isiwe ile kavu ya watu wa diet. Kitunguu maji kimoja kikubwa, pilipili hoho nyekundu moja, tungule mbili zilizotolewa mbegu, vitunguu thomu punje mbili, persilja shada moja. Vyote vikatwekatwe vidogo kabisa. Kitunguu na tungule vikamuliwe, kwa sababu maji ndiyo adui: yakibaki, unga unachemka badala ya kuoka. Tia vijiko viwili vya salça, ule ujiuji mzito wa pilipili au wa tungule unaouzwa kwenye mikebe, kijiko cha pilipili nyekundu ya kuparuza, pilipili manga, chumvi, na bizari nyembamba ukitaka. Changanya kwa mkono hadi ipakike kama siagi.

Moto: oveni yako hadi mwisho wake, nyuzi 275 kama inafika, na sinia la kuokea liwe ndani tangu mwanzo lipate moto. Sukuma donge liwe duara la sentimita 25 hivi, jembamba. Weka juu ya karatasi ya kuokea. Chukua nyama vijiko viwili vikubwa tu, itandaze kwa vidole hadi ukingoni, uibonyeze ishike. Kama unauona unga kwa chini kidogo, ndiyo sawa. Nyama nene haitaiva na nyanya yangu atakuwa ameshinda. Itelezeshe kwenye sinia la moto. Dakika 6 hadi 8. Zikitoka, zipange moja juu ya nyingine, nyama kwa nyama, na uzifunike kwa kitambaa safi zilainike, kama unavyofanya chapati. Kamulia ndimu, nyunyiza kitunguu na persilja, kunja, kula kwa mkono. Kinywaji ni ayran, yaani mtindi, maji na chumvi. Mala ya Kenya uliyoipunguza kwa maji inakaribia sana.

Sasa, wiki moja baadaye binamu yangu akanitumia picha kutoka Mombasa. Nyanya amepika lahmacun. Hana oveni. Ametumia jiko la makaa, sufuria yenye mfuniko, na makaa mengine juu ya mfuniko, moto chini moto juu, vile anavyooka mikate yake tangu ujana. Nikauliza hilo la kuweka makaa juu linaitwaje. Kupalia, akasema. Kima aliikaanga kwanza kidogo, kwa sababu yeye, nanukuu, bado anaitaka roho yake. Akatia kotmiri. Ikatoka nene, imekolea pembeni, nzuri.

“Hii si lahmacun,” nikamwambia.

“Sikusema ni lahmacun. Ni mkate wa nyama. Mwambie huyo Teyze wako aje aonje.”

Nikapanda ghorofa ya tatu na picha. Teyze akavaa miwani, akaitazama kwa muda, akasema kwa Kisweden kwamba hii si lahmacun. Halafu akasema kwao Konya etli ekmek maana yake ni hiyohiyo, mkate wenye nyama. Halafu akauliza hayo makaa juu ya mfuniko yanafanya nini. Nikatafuta neno la Kisweden la kupalia. Sikulipata, na sidhani kama lipo. Ikabidi nieleze kwa mikono, sebuleni kwake, sufuria ya hewani na makaa ya hewani, kama nilivyokuwa nimemweleza nyanya kusukuma. Kwa mara ya kwanza neno lililopungua lilikuwa upande wa Kisweden.

Nafikiri sisi tuliozaliwa huku tumezoea kukaa upande mmoja wa Kiswahili, upande wa kupokea. Tunasahihishwa, tunafundishwa, tunapewa. Ni mapenzi, najua. Lakini mtu anayepokea tu hana haja ya sentensi ndefu. “Asante” inamtosha. Siku unapokuwa na kitu ambacho mwenzako hakijui na anakitaka, hapo ndipo lugha inapokuvuta kwa nguvu, kwa sababu yuko pale anasubiri na hakuna mwingine wa kumwambia. Na huku tulipo tumejaa vitu ambavyo kina nyanya hawavijui. Tunavifikiria kama ndivyo vinavyotutenga nao. Nilichokiona mimi ni kwamba hivyo ndivyo wanavyovitaka. Pilau wanayo. Hawajasikia habari ya ghorofa ya tatu.

Kwa hiyo usimpigie nyanya umuulize mapishi, si wiki hii. Mpigie umweleze moja ambalo hajawahi kulisikia, na uwe tayari kuulizwa kama aliyekufunza ana watoto wazima.

Jumapili hizi anapiga yeye, na hamtafuti Mama. Juzi amesikia kwa mtu kwamba Wasweden wana samaki anayefungwa kwenye mkebe hadi mkebe unavimba, na msimu wake unaanza Agosti. Anataka nimweleze surströmming ni nini hasa, na kwa nini watu wazima wanakubali. Kitenzi cha kuvunda ninacho tayari. Hiyo kwa nini bado naitafuta.